Mistari Kumi na Miwili

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee Mdoe wa Kang'ata hutundika kioo chake kwenye msumari wa banda la mbuzi. Hapo hupunguza sharubu zake kwa mkasi, polepole, kama mtu anayepunguza matawi ya mchungwa. Mbuzi humtazama. Hawajawahi kumsifu, lakini yeye haachi.

Jumatatu ile hakupunguza sharubu. Kioo kilikuwa mezani, nacho kilikuwa na mikwaruzo kumi na mmoja.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Sabiri. Alikuwa anatoka kukagua ufuta wake shambani.

"Marahaba. Sogea hapa uone elimu."

Mdoe alikuwa na pete kidoleni. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na juu yake lilikuwapo jiwe jeupe linalometameta. Aliigeuza pete, akalikandamiza jiwe kwenye kioo, akavuta. Krrr. Ukawa mstari wa kumi na mbili.

"Umeona? Almasi hukata kioo. Hili limekata kioo. Kwa hiyo ni almasi."

"Na ile mistari kumi na mmoja ya mwanzo?"

"Nilikuwa nahakikisha."

Mama yake Sabiri, Mwanaisha, alikuwa anamenya mihogo karibu na mlango. Aliinua kichwa.

"Shemeji, mwanamume wa Kiislamu havai dhahabu."

"Siivai. Naipima."

"Tangu juzi unaipima? Mpaka msikitini umekwenda unaipima."

Sabiri hakucheka. Jumapili hiyo angemwoa Mwaija, msichana kutoka Hale. Mahari ni haki ya bibi harusi, na ni yeye anayeitaja. Mdoe ndiye aliyekwenda Hale kuisikiliza. Aliporudi alisema, "Mwaija anataka pete ya dhahabu yenye almasi juu." Sabiri alikaa chini. Kisha aliuza ng'ombe wawili.

Baada ya hapo akatokea Valentino. Valentino hana duka. Hutembeza vito ndani ya mkoba mweusi, akipanda pikipiki kutoka kijiji hadi kijiji. Alimwachia Mdoe ile pete kwa kianzio cha laki moja. Alhamisi angerudi kuchukua milioni moja na laki tatu.

Jumapili shehe angesoma mahari mbele ya watu wote. Kama pete si kitu kilichotajwa, Sabiri angeanza ndoa yake na uongo kidoleni mwa mkewe. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Ng'ombe nao walimnyima kidogo.

Aliichukua pete, akachungulia ndani. "Kuna maandishi. Kumi na nane, halafu K. Baba mdogo, hii si elfu kumi na nane?"

"Bei haiandikwi ndani ya pete, mwanangu. Hiyo ni namba ya kiwanda."

"Na hizi herufi, GP?"

Mdoe alifikiri. "Mwenye kiwanda. Pengine anaitwa Godfrey Petro."

"Na kidole chako mbona kimekuwa cha kijani?"

Wote watatu walikitazama kidole. Kweli, kilikuwa na duara la kijani, kama kimefungwa jani la mgomba.

"Dhahabu ikitoka ardhini hutoka na shamba lake," alisema Mdoe. "Mimi nimechimba miaka miwili kwenye mashimo. Dhahabu naijua."

"Uliichimba," alisema Mwanaisha. "Uliipata?"

Mdoe akanywa chai.

"Mimi sielewi," aliendelea mama. "Lakini hereni zangu zilipokatika, alinitengenezea sonara mmoja pale Manundu, Korogwe. Anaitwa Grasiana. Nendeni mkamwonyeshe kabla ya Alhamisi."

"Anichekeshe," alisema Mdoe. Lakini Jumanne alfajiri alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Chumba cha kazi cha Grasiana kilikuwa kidogo. Kulikuwa na meza, taa, koleo, jiko la gesi la kuyeyushia na mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo. Grasiana mwenyewe alikuwa mama wa makamo, miwani juu ya kichwa na miwani mingine machoni.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Mdoe.

"Marahaba. Tumekuja uthibitishe tu. Kupima nimeshapima."

"Umepima kwa kutumia nini?"

"Kwa kioo. Jiwe limekata mara kumi na mbili. Na dhahabu naijua, nimeichimba."

Grasiana hakubisha. Aliuliza, "Mzee, unasema umechimba dhahabu. Huna kumbukumbu yoyote ya kule?"

Mdoe alitabasamu. Alitia mkono mfukoni, akatoa jiwe jeupe lenye ukubwa wa yai la kanga. Hulibeba kila mahali. Kule mashimoni mawe kama hayo huvunjwa kwa maelfu kutafutiwa dhahabu, kisha hutupwa.

Grasiana alichukua kipande cha kioo kibovu. Alikikwaruza kwa ncha ya lile jiwe. Krrr.

Ukabaki mstari mweupe.

"Hongera, mzee," alisema Grasiana. "Umetembea miaka yote na almasi mfukoni."

Mdoe alilitazama jiwe. Akalitazama tena, safari hii kwa heshima.

"Kweli?"

"Si kweli. Ni jiwe la kawaida. Mawe mengi ni magumu kuliko kioo. Jiwe likikata kioo, umejua kitu kimoja tu: kioo kimeharibika."

Sabiri alikuna kichwa. "Mama, nimechanganyikiwa. Kwa hiyo hili la kwenye pete ni almasi au si almasi?"

Grasiana alitoa chombo cha kupimia almasi, kama kalamu, chenye ncha nyembamba. Aligusa jiwe la hereni yake moja ya almasi, kikalia. Aligusa jiwe la Valentino, kikanyamaza. Aligusa mara tatu. Kimya.

"Si almasi. Ni jiwe la kutengenezwa, linalofanana nayo. Wengi huvaa, wala si kosa, mradi uuziwe kwa jina lake na bei yake."

"Kwa hiyo kikilia ni almasi?"

"Hapana. Kuna mawe mengine yanakidanganya hata chombo hiki. Almasi ya bei kubwa inatakiwa ije na cheti cha maabara, chenye namba ya kwenda kuhakiki."

"Kwa hiyo kikinyamaza si almasi, na kikilia huenda si almasi."

"Sasa unaanza kuelewa."

"Mbona najisikia ndiyo napotea?"

"Ndivyo inavyoanza. Leta hayo maandishi." Grasiana alishusha miwani ya pili. "Kumi na nane ni karati. Chukua vijiko ishirini na vinne. Vyote vikiwa dhahabu tupu, hiyo ni karati ishirini na nne. Ni laini mno, hupinda. Kwa hiyo tunachanganya. Vijiko kumi na nane dhahabu, sita madini mengine: karati kumi na nane. Wengine huandika 750, maana katika sehemu elfu moja, mia saba na hamsini ni dhahabu. Ukiona 375, hiyo ni karati tisa."

"Na GP?"

"Herufi hizo maana yake imepakwa dhahabu juu. Ni kama mwiko uliochovywa kwenye asali. Ukiulamba mara tatu umebaki na nini?"

"Mti."

"Basi. Tazama huku chini, pameshalika. Shaba inachungulia."

"Niliisugua kwa majivu na limao," alisema Mdoe kwa sauti ndogo. "Ing'ae."

"Umeisaidia kusema ukweli, mzee."

"Basi Godfrey Petro hayupo," alisema Sabiri. "Na mimi niliyedhani ni elfu kumi na nane?"

"Ulisoma vibaya, lakini kwa bei ulikaribia."

Mdoe alikaa kwenye kigoda. Alikisugua kidole chake cha kijani. "Na mimi nimeivaa mpaka msikitini," alinong'ona.

"Hapo usijali," alisema Grasiana. "Haikuwa dhahabu."

Sabiri alicheka mpaka akashika meza. Kisha alikumbuka Jumapili, akaacha.

"Lakini huenda Valentino naye hajui," alisema. "Huenda naye aliuziwa."

"Huenda. Mpigie. Usimgombeze. Mwambie hivi tu: Alhamisi uje na risiti, uandike dhahabu karati kumi na nane, jiwe almasi halisi, jina lako na sahihi yako."

Sabiri alipiga, akaweka sauti juu. Valentino alisikiliza.

"Ndugu yangu, mambo ya karatasi ya nini? Sisi tunaaminiana."

"Tunaaminiana, kaka. Ndiyo maana hutashindwa kuandika."

"Unajua, mimi sikusema almasi. Nilisema inang'aa kama almasi. Mzee ndiye alisema almasi."

Simu ikakatika. Sabiri alimgeukia baba yake mdogo.

"Wewe ndiye uliyesema?"

"Tulisema kwa pamoja," alijibu Mdoe.

"Mnaona?" alisema Grasiana. "Hamkuhitaji kioo wala chombo changu. Muuzaji anayejua anachouza haogopi kalamu."

Lakini tatizo la Jumapili lilikuwa bado palepale. Mahari ilikuwa pete yenye almasi, na almasi yenye cheti haikuwa ya ng'ombe wawili. Pengine wala si ya zizi zima. Sabiri alitoka nje, akampigia Mwaija.

"Mwaija, nisamehe. Ile almasi yako siwezi. Pete niliyokuwa nayo ni ya uongo. Sitaki kukudanganya."

"Almasi gani?"

"Ya mahari. Si ulitaja pete ya dhahabu yenye almasi juu?"

"Mimi nilitaja pete ya dhahabu. Juu nilitaka pawe wazi, nikande unga bila kushikwashikwa. Nani alisema almasi?"

Sabiri aligeuka. Mdoe alikuwa mlangoni, anazitazama ncha za viatu vyake.

"Baba mdogo."

"Walikuwa wananitazama, mwanangu," alisema Mdoe. "Wazee wa Hale wote. Mashangazi wote. Nikaona pete peke yake ni neno fupi."

Mwaija alikuwa amesikia. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Sabiri, mahari ni yangu. Niletee pete ya dhahabu ya kweli, hata kama ni nyembamba. Na uniletee karatasi yake."

Sabiri alirudi ndani. "Mama, unazo pete za wazi?"

Grasiana alikuwa nazo. Aliweka moja kwenye mizani, akamwita asome mwenyewe. Gramu tatu na nukta mbili. Alimwambia bei ya gramu ya siku hiyo, maana hubadilika, na ufundi wake akautaja mbali. "Pete ikiwa na jiwe, uliza uzito wa jiwe," aliongeza. "Usinunue jiwe kwa bei ya dhahabu."

Aliikwaruza kidogo juu ya jiwe jeusi la kupimia, akadondosha tindikali kwenye alama. Alama ya njano ilibaki; ya shaba ingefutika.

"Kwa hiyo nilipe?" aliuliza Sabiri.

"Bado. Kwa nini uniamini mimi?"

"Si wewe uliyetufundisha tusiamini?"

"Ndiyo. Na mimi nimo. Muhuri wa karati hata mhunzi anaweza kuugonga. Mtaa wa pili kuna sonara mwingine, Benedicto. Hatupendani. Twende kwake, naye apime."

Benedicto alipima. Kwa uso wa mtu anayemeza mwarobaini, alikiri kwamba ni karati kumi na nane. Hapo ndipo Sabiri alipolipa. Risiti iliandikwa jina la duka, tarehe, karati, uzito, bei ya gramu, ufundi, na neno "haina jiwe". Sabiri aliisoma mara mbili. Safari hii alielewa yote, jambo lililomshtua kidogo.

Zilibaki fedha za kununua ndama.

Alhamisi Valentino alikuja na pikipiki. Alikuta kalamu na karatasi juu ya meza, na Mwanaisha amekaa nyuma ya meza hiyo.

"Naomba pete yangu, mama."

"Ipo, baba. Na laki yetu ipo?"

Valentino alitoa elfu themanini. Ishirini alisema ni mafuta ya pikipiki. Mwanaisha alihesabu, akampa pete. Akampa na limao moja, la kuisugulia.

Jumapili, huko Hale, shehe alisoma mahari mbele ya watu: pete ya dhahabu, karati kumi na nane, gramu tatu na nukta mbili. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti hiyo nukta mbili ni kitu gani, na kama nayo inavaliwa. Mwaija alitoa mkono. Pete ilikuwa nyembamba, ikamkaa sawasawa. Risiti aliikunja, akaipeleka mwenyewe kwenye sanduku lake.

Kisha alikwenda kuwasalimu wakwe. Alipofika kwa Mdoe alisita. Sharubu ya kulia ilikuwa nene, imechanwa vizuri. Ya kushoto ilikuwa karibu haipo.

"Shikamoo, baba. Umepatwa na nini usoni?"

Mdoe alipapasa mdomo wake.

"Marahaba, mwanangu. Kioo changu," alisema. "Kilikatwa na almasi."