Skyline Isiyo na Namba

Foleni ya ukaguzi wa magari pale Nakagawa, huku kwetu Nagoya, siku ile ya Novemba ilikuwa imejaa mpaka getini, na wote tulikwamishwa na binti mmoja aliyekataa kushuka garini. Aliitwa Chinatsu Hibino, miaka thelathini na mmoja, mtengenezaji wa meno ya bandia. Alikuwa amevaa koti la rangi ya haradali lililonyooka kwa pasi, utadhani anakwenda kuposwa. Gari lake lilikuwa Skyline nyeupe ya mwaka 1990, milango miwili, mali ya marehemu baba yake. Mkaguzi alikuwa ameingia shimoni na kinyundo chake, akagonga mara mbili ule ukingo wa chini ya mlango, na mara ya tatu kinyundo kikapenya ndani. Vumbi la kutu likamwagika. Gari likakataliwa.

Chinatsu akaomba ligongwe tena. Mkaguzi, mtu mpole, akamweleza kwamba chuma kilichooza hakiponi kwa kugongwa tena. Huku nyuma watu wakaanza kunung'unika. Ndipo kijana mmoja wa ovaroli ya kijivu akashuka kwenye kigari cha kupelekea tambi, akainama dirishani kwake.

"Dada, tambi za mjomba wangu zinapoa."

"Basi kazile."

Kigari kilikuwa kitupu, na Chinatsu alikiona. Kijana huyo alikuwa Hisanori Kajita, fundi wa kuchomelea katika karakana ya treni za chini ya ardhi, na siku hiyo alikuwa amemletea mjomba wake kigari kukaguliwa. Akamwambia tundu lile linazibika, kuna gereji anaijua.

"Nitachomelea mwenyewe," Chinatsu akasema.

"Umewahi kushika mashine ya kuchomelea?"

"Naunganisha vyuma vidogo kuliko ukucha wako, na watu wanavitafunia nyama miaka ishirini. Wewe umechomelea nini?"

Kajita akacheka mpaka akashika paa la gari. Akamwandikia namba yake ya simu nyuma ya karatasi ya bei za tambi. Ningekuwa mimi, ningeichana pale pale. Chinatsu aliikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa koti.

Lazima mjue gari lile lilikuwa nini kwake. Mzee Hibino alilinunua jipya na hakuwahi kumwachia mtu usukani. Alipofariki, siku ya arobaini na tisa, ambayo huku ndiyo ya kuhitimisha msiba, mbele ya ubani na picha yake, Chinatsu aliapa kwamba Skyline itarudi barabarani kama baba alivyoiacha, na itarudi kwa mikono yake yeye. Kama alivyoiacha maana yake hata namba zake. Vibao vyake viliandikwa Nagoya, halafu tarakimu mbili, thelathini na tatu. Siku hizi zinatolewa tarakimu tatu. Gari la zamani likibaki na zile mbili, ujue halijawahi kuhama mji wala kufutwa kwenye daftari, na wapenda magari wa huku wakiiona namba ya namna hiyo wanageuza shingo kama wamepitiwa na bibi harusi. Chinatsu alivifuta vibao hivyo kila Jumapili kwa kitambaa laini. Kajita alimwona akivifuta, akadhani ni usafi tu. Na Chinatsu hakumweleza, kwa sababu hakujua kama yuko binadamu asiyejua.

Maana Jumapili hizo walikuwa wote. Kajita alikuja na mashine yake bandani, nyumbani kwa akina Hibino, akamfundisha kukata kutu mpaka kwenye chuma kizima, kukunja bati jipya, kuchomelea kidogo kidogo ili bati lisipinde. Mshono wa kwanza wa Chinatsu ulikuwa kama mavi ya njiwa, na Kajita hakumficha. Wa kumi ulinyooka. Asubuhi walikunywa kahawa mkahawa wa pembeni, tosti yenye maharage matamu juu, na kufikia Januari mwenye mkahawa alishaacha kuwauliza kama bili ni moja au mbili. Katikati ya wiki walipigiana simu saa ya chakula.

"Umekula, Fundi Meno?"

"Nimekula vumbi lako la Jumapili. Bado liko puani."

"Basi Jumapili nakuletea jingine, mpenzi."

Chinatsu alimpenda. Nasema wazi ili msije mkafikiri vinginevyo. Alimpenda hata akaacha kupiga pasi koti lile.

Sasa, kodi ya gari huku humwangukia yeyote aliye kwenye daftari siku ya kwanza ya Aprili. Tangu mzee afariki daftari lilikuwa na jina la mama yake Chinatsu, na mama alilalamika kwamba anatozwa kwa gari lisilotembea. Kajita akamwambia mambo ni rahisi: zirudisheni namba, gari lifutwe kwa muda, likipona mtaliandikisha upya. Mama akatoa mhuri wake wa jina, ambao huku ndio saini. Wakakubaliana wasimwambie Chinatsu, iwe zawadi. Tarehe ishirini na tisa Machi, Chinatsu akiwa kazini, Kajita akafungua skrubu nne, akavipeleka vibao ofisini.

Jioni Chinatsu alirudi akasimama mbele ya bampa tupu.

"Viko wapi?"

"Nimevirudisha," Kajita akasema, anatabasamu bado. "Mwaka huu mama halipi kodi."

"Nenda ukavichukue."

"Havirudi, mpenzi. Vinakwenda kupondwa. Tutapewa vipya."

Chinatsu akashika boneti kwa mikono miwili. "Baba alivipokea mwenyewe, Kajita. Nilikuwa mgongoni kwa mama."

"Ni kibao cha bati tu, Chinatsu."

Neno hilo ndilo lililomwondoa. Chinatsu alimwambia abebe mashine yake aende, na alisema kwa sauti ndogo sana. Kesho yake kazini Kajita alimsimulia mwenzake mmoja mwenye gari la zamani, akitegemea kuonewa huruma. Mwenzake alisikiliza mpaka mwisho, akaweka vijiti vyake vya kulia chakula chini, hakula tena. Hapo Kajita akaelewa alichokifanya. Alipiga simu mara saba. Haikupokelewa hata moja.

Mnadhani binti aliliacha gari? Alinunua mashine yake mwenyewe. Aprili nzima alichomelea ukingo wa upande wa pili peke yake, akabadilisha mipira ya breki, akafungua injini juu na kubadili gasketi zilizokuwa zinavuja mafuta. Mama alikiri kwamba kosa lilikuwa lao wawili, akalia. Chinatsu akamkumbatia mama, akarudi chini ya gari. Usiku alimkumbuka Kajita na kujichukia kwa kumkumbuka.

Mei ikaleta barua. Mwenye nyumba anaivunja, wapangaji wawe wametoka kabla ya Agosti. Mama alikuwa na pa kwenda, kwa dada yake Chinatsu huko Gifu. Kwa gari ndipo palipokuwa na kazi. Kama namba zingebaki, asingeulizwa kitu. Lakini gari lililofutwa haliandikishwi upya mpaka polisi wathibitishe kwamba lina mahali pa kulala, tena mahali pasipozidi kilometa mbili kutoka anapoishi mwenye gari. Chinatsu akazunguka wiki tatu. Chumba alichokimudu hakikuwa na maegesho, penye maegesho hapakuwa na chumba. Wakala wa mwisho alimshauri auze, akasema Wamarekani wanayatafuta sana magari ya namna hiyo. Chinatsu akamshukuru, akainama, akatoka bila mwavuli.

Jumapili moja ya Juni, masika yetu yakimwagika, Kajita akaja bandani amelowa, na bahasha ya plastiki kifuani. Hakusogea chini ya paa mpaka alipoambiwa.

"Nilisema ni bati," akasema. "Nilikosea. Niling'oa kitu cha baba yako na sina uwezo wa kukirudisha. Sikuleta kisingizio."

"Umeleta nini?"

"Fomu ya polisi. Mjomba amenipa uwanja nyuma ya duka la tambi. Nimeupima, Skyline inaingia na milango yote inafunguka."

"Kutoka hapa ni kilometa sita. Watakataa. Na hapa penyewe natoka."

"Najua." Akajifuta maji usoni, hayakupungua. "Mimi naishi juu ya duka. Tuoane, Chinatsu."

"Unanitaka mimi, au unataka kufidia kile kibao?"

"Kile hakifidiki mpaka nife. Nakutaka wewe. Ukikataa, uwanja chukua, tutatafuta chumba chako mtaa ule ule."

Chinatsu alimtazama sana. Hasira ilikuwepo bado, na siwadanganyi kwamba iliisha siku hiyo. Lakini alikuwa amechoka kumkumbuka mtu aliye hai. Akampa nyundo, akamwambia alale chini agonge ukingo, pande zote mbili. Kajita akagonga kuanzia mbele mpaka nyuma. Kila pigo lilijibu kwa sauti kavu, ya chuma kizima. Akatoka na matope mgongoni.

"Huu wa kushoto sikuwepo," akasema.

"Hukuwepo. Na siku ya ukaguzi naingia foleni peke yangu, usije na tambi."

"Siji."

"Na namba mpya ziandikwe kwa jina langu. Baba alikuwa na zake."

Akafuta mikono, akaikunjua fomu juu ya boneti. Ina kisanduku cha kuchora ramani, kutoka nyumbani kwa mwenye gari mpaka linapolala gari. Akachora kwa ile mikono ya kuchonga meno: duka la tambi, ngazi ya nyuma, uwanja, mlango. Akamuuliza Kajita ngazi ina vipandio vingapi. Kumi na nne. Akavihesabu kwenye mchoro vyote.

Penye umbali kutoka nyumbani kwa mwenye gari, akaandika: mita saba.