Kona Tatu Zilizoachwa Wazi

Jumamosi moja asubuhi, wiki tatu baada ya kumzika mama, dada yangu alilifungua sanduku la marehemu juu ya meza ya kukatia nguo. Dada ni fundi cherehani, na duka lake lina dirisha kubwa linaloingiza jua mpaka ukutani. Ndani tulikuta mifarishi mitatu, yale matandiko mazito ya viraka vilivyoungwa kwa mkono. Sote tulijua ipo. Hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuigusa.

"Tujue kwanza upi ni wa nani," alisema, akachomoa uzi kwenye kila mmoja na kuwasha kiberiti.

Uzi wa kwanza ulinywea, ukawa kijidonge cheusi kigumu. Nailoni. Huo ulikuwa wa mama. Mfarishi wa pili ulichanganya, huku nailoni, huku pamba. Ni wa bibi, aliyeshona wakati nailoni ndiyo kwanza inaingia madukani. Uzi wa tatu uliwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Pamba tupu, nene, nyeupe. Huo ulikuwa wa mama yake bibi. Nilimtania dada kwamba ana kipaji cha kuchoma urithi.

Kisha tukaitandaza, na utani ukaniisha. Kila mfarishi ulikosa kiraka kimoja. Kona ileile, ya chini kushoto.

Mjomba, kaka yake mama, alipokuja alikataa kuingia. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Msimalize," alinong'ona. "Waliiacha makusudi. Anayeziba kona anakufa."

"Na hao walioiacha, mjomba, wako wapi?" dada aliuliza.

Sote tulijua. Mama yake bibi alifika kwenye kona ile, akaacha, akafa mwaka huohuo. Bibi vivyo hivyo. Mama tulimkuta kitini, mfarishi magotini, sindano bado iko mkononi.

"Na akishaondoka mmoja," mjomba aliongeza, "mwingine anaanza kukata viraka. Bila kujijua."

Dada alimwambia hayo ni maneno ya watu wasio na kazi. Lakini siku mbili baadaye binti yake wa pekee, ambaye sote tunamwita Mwalimu kwa kuwa anafundisha shule ya msingi, aliingia dukani amekumbatia mkoba. Blauzi yake ilikuwa na tundu la pembe nne ubavuni, limekatwa sawasawa kabisa.

"Mama, sijui nimekata saa ngapi."

Mkobani mlikuwa na mkasi na viraka vitatu.

Dada alivitazama, kisha akavifungia kwenye droo. Hakulia. Nilimwona tu akikaza taya kama anavyofanya mteja akimletea ujuaji.

"Mimi nimeshika mkasi miaka ishirini, hicho kitu hakikunisogelea," alisema. "Kimeniogopa mimi, kikaenda kwa mtoto. Sasa leo naziba zote tatu. Na hivyo viraka vyake hakipati."

Mimi niliogopa, sifichi. "Na ukifa je?"

"Nikifa, nimekufa nimemaliza kazi. Shika hapo, mdogo wangu."

Alikata viraka kwenye aproni yake mwenyewe. Akachagua uzi wa nailoni wa rangi ya chungwa, makusudi, uonekane. Tuliwamba mfarishi juu ya migongo ya viti viwili, naye akashona, mkono mmoja juu, mwingine chini ukipokea sindano na kuirudisha. Wa mama ukaisha. Wa bibi ukaisha. Ilipofika saa saba mchana, jua likiwa kali dirishani, akaanza ule wa zamani.

Alikuwa amefika katikati ya kiraka nilipouona mkono wake wa chini.

Ulikuwa umetulia pajani.

Sindano ilizama. Ikakaa kidogo. Ikapanda.

Nilichungulia chini ya mfarishi. Sakafu. Vipande vya nguo. Viatu vya dada. Basi.

"Dada," nikanong'ona.

"Naona."

Sindano ilizama. Ikapanda. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Kama unajua kushona, shona," alisema kwa sauti kavu. "Lakini leo tunamaliza."

Sindano ilizama. Safari hii ilikawia. Nilihesabu mpaka tisa.

Ikapanda.

Dada akapiga fundo, akakata uzi kwa meno.

Imepita miaka tisa. Dada yupo, anagombana na wateja kama kawaida. Mwalimu hakukata tena nguo yoyote, na sasa ana binti wa miaka sita.

Wiki iliyopita tuliianika mifarishi juani, nami kwa mara ya kwanza nikaugeuza ule wa zamani. Upande wa juu wa kiraka cha aproni kulikuwa na uzi wa rangi ya chungwa. Upande wa chini, mishono ilikuwa myeupe, minene, midogo kuliko ya dada, na mizuri zaidi. Nilichomoa kiuzi kimoja nikakiwasha. Kiliwaka kama karatasi. Kikaacha jivu laini.

Na upande huo haukuwa na fundo. Uzi ulining'inia, mrefu kama kiganja. Niliushika ncha. Ilikuwa imelowa, kama ya mtu aliyetoka kuilamba ili atunge sindano.

Nilimwonyesha dada. Aliutazama, kisha akatazama uani, mjukuu wake alikokuwa akicheza.

Akaifuta ile ncha kwa aproni yake. Akapiga fundo mara tatu, kwa nguvu.

"Na wewe umemaliza," akasema.