Mifuko Kumi na Miwili ya Udongo

Jumatatu ile nilikuwa nakula wali wangu kwa samaki mkavu Lemuel aliporudi kutoka shambani. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, ametumwa kwetu, kwenye maabara ya udongo, kwa mafunzo ya vitendo, na wa aina yake nimewaona miaka kumi na tisa: koti jeupe, simu mkononi, kichwani hamna kitu. Kazi aliyopewa hata mbuzi angeiweza. Achimbe udongo sehemu kumi na mbili, kuanzia chini ya mlima mpaka ukingo wa ziwa, kila sehemu kilo moja na mfuko wake.

"Dada Ising, kazi kwisha," akasema, akabwaga mifuko mezani. Viatu vyake havikuwa na hata tope.

Nikafungua wa kwanza. Udongo mwekundu, laini, sisimizi tele. Wa pili, vilevile. Wa kumi na mbili ulipaswa kuwa tope jeusi la ziwani. Vilevile.

"We mtoto, hii yote umechota kwenye kichuguu kimoja."

Akacheka. "Udongo ni udongo, Dada. Kule kwingine kugumu, nivunje mgongo kwa ajili ya cheti?"

"Wenyewe uliwapigia hodi?"

"Wenyewe gani, sisimizi?"

Huku kwetu mkoani Laguna hata mlevi akipita kando ya kichuguu huwaambia wasioonekana wanaokaa humo, "Samahani wenyewe, tunapita." Hata Daktari Villaruz, mkuu wa maabara, pamoja na shahada zake zote, alama ya kuchimba kwenye ramani ikiangukia kichuguuni husogea hatua tano, kisha huandika kwamba amesogea. Huyu alichota kilo kumi na mbili bila hata kukohoa! Nikamwambia arudishe kwa mkono wake na aombe radhi. Akasema Daktari atajua kadanganya, na cheti atakikosa. Nikamwacha. Kusema kweli, nilitaka aumbuke.

Tukautandaza udongo kwenye trei kumi na mbili, tukauingiza kwenye tanuri la kukaushia. Tanuri huondoa maji, kwa hiyo kesho yake udongo lazima upungue uzito.

Uliongezeka. Trei zote.

"Mizani yenu mbovu," Lemuel akasema, akibetua midomo. Nikaijaribu kwa jiwe lake la kupimia. Nzima.

Jumatano uliongezeka tena. Alhamisi Lemuel alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali, na mchana akamaliza sahani tatu za pansit, tambi ambazo siku zote alizisema hazina ladha. Ijumaa nilimsukuma juu ya mizani ya magunia, nikatoa fomu yake ya afya yenye uzito aliokuja nao, nikapiga hesabu. Yeye amepungua kilo kumi na tisa. Trei zimeongezeka kilo kumi na tisa.

"Rudisha," nikanong'ona.

"Cheti kinasainiwa Jumatatu. Baada ya hapo."

Cheti! Mashavu yamebonyea, meno yamejitokeza, bado anataka karatasi ya kutundika ukutani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi rafu za tanuri zilipinda. Nikapakia udongo kwenye toroli, nikausukuma mwenyewe mpaka kwenye kichuguu kilichochimbwa, jua likiwaka, nikaomba radhi kwa niaba yake. Shimo alilochimba lilikuwa dogo, la kutosha ndoo moja. Nikamwaga toroli zima.

Halikujaa.

Sisimizi walikuwa wamesimama pembeni. Hawakusogea. Nikaelewa kwamba si mimi niliyekuwa nangojwa. Nikapiga simu kwao, akapokea mama yake.

"Mama, Lemuel yuko?"

"Yuko, kalala." Sauti yake ikashuka. "Dada, njoo umwone. Kalala, lakini godoro halibonyei."

"Mbebe, mlete kichuguuni aseme samahani. Neno moja tu, Mama. Leo hii!"

Nikamsikia akimbembeleza. Kisha akarudi kwenye simu, analia.

"Anasema Jumatatu."

Jumapili asubuhi mama yake alikuta shuka limelala bapa. Komeo la mlango wa nyumba lilikuwa bado limefungwa kwa ndani.

Jumatatu nilimwambia Daktari Villaruz yote, tukaenda pamoja. Shimo lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, udongo mwekundu, laini. Hapakuwa na nyayo ila zangu za Jumamosi. Daktari akaninyooshea sepeto.

"Chukua sampuli, Ising."

"Chukua mwenyewe."

Akapiga goti, akaweka kiganja juu ya udongo. Akakiondoa upesi.

"Una joto," akanong'ona.

Nilikuwa nimemdharau yule kijana tangu siku ya kwanza, na dharau yangu ndiyo iliyonifanya ninyamaze Jumatatu ile ya kwanza nilipoweza kumtaja kwa Daktari. Sasa naionea haya. Mama yake amenijia mara mbili, anataka kuonyeshwa kaburi la mwanawe. Mara zote mbili nimemfikisha barabarani tu. Pale penyewe, sijaweza.