Pipa la Pili

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akaitundika msumarini, akala, kisha akafagia vipande vya nyuzi na vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Jina hilo alipewa na baba kwa sababu alianza kusema mapema, na tangu hapo hakunyamaza. Alifagia huku akisimulia habari zote za darasani. Mama aliendelea kukanyaga cherehani huku akiitikia, "Ehe! Kisha?"

Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha sabuni. Zamani alirudi jioni, mikono imejaa grisi. Siku hizi alirudi mchana, mikono ikiwa safi. Mikono hiyo safi ndiyo iliyomtia mama wasiwasi.

"Mafuta ya kutengenezea sabuni hayaji," baba alisema siku moja wakiwa mezani. "Sasa tunafanya kazi siku tatu tu kwa wiki. Na viwanda vingine ni vivyo hivyo. Bei zinapanda kila kukicha. Huenda mambo yakatengemaa, huenda yakaporomoka kabisa. Mimi sijui."

"Hata mimi sijui," mama alijibu. "Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Tuanue nguo mapema."

Wakakubaliana wajiandae bila kelele. Mama alipanda mboga katika magunia ya udongo nyuma ya nyumba, akaanza kupokea nguo kuukuu za kutia viraka, kazi aliyokuwa akiikataa zamani. Baba alinunua mahindi kwa mkulima wakati wa mavuno, kiasi cha kujaza mapipa mawili.

"Na mimi je?" Chiriku aliuliza.

"Wewe utakausha mahindi," mama alisema. "Kazi hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Mahindi mabichi yakifungiwa kwenye pipa, yanaoza."

Jirani yao, mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga, alimfundisha namna ya kuyapima. Alitia konzi ya mahindi katika chupa kavu, akaongeza chumvi kavu, akaitikisa, kisha akaiacha kidogo.

"Tazama, mjukuu wangu. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Isiponata, yamekauka. Chumvi haijui kudanganya."

Mahindi ya pipa la kwanza Chiriku aliyakausha vizuri. Alishinda kando ya turubai siku zote za mwisho wa juma, akiyageuza na kufukuza kuku. Rafiki zake walipopita walimcheka.

"Chiriku siku hizi ni askari wa kuku!"

"Kwani kwenu mnangojea gharika?"

Maneno hayo yalimchoma. Zamu ya pipa la pili ilipofika, mama na baba walikuwa wametoka. Rafiki zake walikuja na kamba ya kuruka. "Mara moja tu," alijiambia. Hiyo mara moja ikawa mchana kutwa. Alipokumbuka, manyunyu yalikuwa yameshaanguka juu ya turubai. Alikimbia, akayafuta mahindi kwa kitambaa, akayatia kwenye magunia.

"Umeyapima?" mama aliuliza aliporudi.

"Nimeyapima."

"Chumvi haikunata?"

"Haikunata, mama."

Mama alimwamini. Baba akayamimina mahindi kwenye pipa la pili, akakaza kifuniko.

Haikupita miezi miwili, kiwanda kikafunga malango. Madukani, rafu zilianza kubaki tupu. Watu walisukumana kugombea unga, na waliochelewa walirudi mikono mitupu. Jirani wa upande wa pili alikuwa dereva wa lori la kiwanda. Lori lilisimama, naye akabaki nyumbani na watoto wake watatu, bila akiba yoyote.

Kwa kina Chiriku walikula kwa kujibana, lakini walikula. Kila walipoketi, baba alisema, "Tushukuru. Wapo wasio na hiki."

Pipa la kwanza lilipofika nusu, mama alisema asubuhi moja ya Jumamosi, "Leo tufungue la pili. Debe la kwanza tumpelekee mke wa dereva. Jana nilisikia mtoto wake mdogo akilia njaa."

Baba alishika kifuniko. Akilini Chiriku alimwona yule mtoto akila uji wa mahindi yale. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya pipa.

"Baba, ngoja! Sikuyapima. Yalinyeshewa, mimi nilikuwa nacheza. Nilimdanganya mama."

Baba alifungua kifuniko taratibu. Joto lilipanda kutoka ndani pamoja na harufu ya uozo. Mahindi yalikuwa yameshikana mabonge, yakiwa na ukungu wa kijani.

Mama Mkunga aliitwa. Aliangalia mara moja tu, akatikisa kichwa.

"Huu ukungu una sumu. Kuosha hakusaidii, kuchemsha hakusaidii. Hata kuku msiwape. Mkayafukie."

"Yenye ukungu ni ya juu tu," baba alisema kwa unyonge. "Hatuwezi kuchagua mazuri?"

"Baba Chiriku, sumu haionekani kwa macho," Mama Mkunga alijibu. " Nimeuguza watu waliochagua mazuri."

Baba alichimba shimo. Mama alisimama mlangoni, akafuta macho kwa upindo wa nguo yake. Chiriku alitamani agombezwe, apigwe hata, maana machozi yale yalimuumiza zaidi.

"Mama, nisamehe. Nitafanya kazi yoyote, hadi pipa lijae."

Mama Mkunga alimtazama. "Mahindi yangu ya shambani bado yamo kwenye magunzi, na mikono yangu imezeeka. Njoo unipukuchulie. Ukijaza madebe matatu, moja lako."

Chiriku alianza siku ileile. Kila alasiri alipukuchua hadi vidole vikatoka malengelenge. Siku ya tatu watoto wawili wakubwa wa dereva, ambao mama aliwagawia unga kidogo wa pipa la kwanza, walikuja kumsaidia. Siku ya tano walikuja rafiki zake wa kamba, wakakaa kando yake, kwa kuwa hata kwao unga ulikuwa umekwisha.

"Tusogezee gunia," mmoja alisema. "Na utufundishe hiyo ya chumvi."

Baba naye hakukaa bure. Alitengeneza mashine ya kusaga iliyokuwa imeharibika mtaani, na mwenye mashine akakubali kuwasagia unga kwa miezi kadhaa kama malipo. Majirani waliokuwa wakibeba mahindi mbali walimshukuru kila walipopita.

Baada ya wiki tatu, Chiriku alikuwa na mahindi ya kujaza pipa hadi kupita nusu. Aliyakausha siku nne. Aliyapima mara mbili, kisha akamwita mama aone mwenyewe. Chumvi ilicheza ndani ya chupa kama mchanga.

Debe la kwanza lilikwenda kwa dereva. Mke wake alilipokea kwa mikono miwili. "Mungu awazidishie," alimwambia mama. "Mmetufaa wakati wa dhiki."

"Mshukuru huyu," mama alijibu, akimshika Chiriku begani.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Chiriku aliinamisha kichwa. "Mama, mbona unataka nishukuriwe? Mimi ndiye niliyeharibu."

Mama alisimama njiani.

"Uliharibu, ndiyo. Ulikuwa mvivu siku moja, ukafunika uvivu kwa uongo, na pipa zima likaenda shimoni. Usisahau. Lakini ungenyamaza siku ile, leo tungekuwa tunauguza watoto wa watu. Nyumba inayojiandaa kwa siku ngumu huweka chakula, hupanda mboga, hujifunza kazi mpya. Hayo yote ni bure kama wenye nyumba hawaambiani ukweli. Nitajuaje pipa lipi ni zima? Ulipata hofu, ukasema kweli, kisha ukafanya kazi ya kurekebisha. Kwa hilo mimi nakushukuru, mwanangu."

Nyuma yao mtoto mdogo wa dereva alikuja mbio, konzi ya mahindi mkononi.

"Dada!" aliita. "Mama anasema asante. Na mimi nasema asante!"