Uzi wa Kijani Tumboni mwa Sungura

Birika lilikuwa likichemka tangu asubuhi, na Tomoe hakuwa na haraka nalo. Mvua ya Juni ilinyesha juu ya mapaa ya mji wa Gosen kama kawaida yake, bila kishindo na bila dalili ya kukoma. Mapajani alikuwa na sweta ya kijivu ya marehemu mama mkwe wake, mikono yote miwili imeshafumuliwa. Uzi ukikaa kwenye sweta miaka ishirini hutoka umejikunja, kwa hiyo aliupitisha juu ya mvuke, ukanyooka taratibu, kisha akauviringisha. Katika mji ule wa wafuma sweta, uzi mzuri hautupwi.

Jirani yake, Bi Fusae, aliingia kwa mlango wa jikoni na bakuli la matango ya chumvi. Alipoona kilichokuwa mapajani pa mwenzake, akasimama.

"Shoga, hiyo si sweta ya Bi Kikuno?"

"Ndiyo hiyo. Namfumia Nagi sungura. Ikibaki, kofia na visoksi."

"Leo siku ya ngapi tangu atutoke?"

"Arobaini na moja."

"Na wewe umeshindwa kungoja ya arobaini na tisa? Mwenyewe hajaaga, bado yumo humu ndani, umeshamvua nguo!"

"Fusae, nimechoka. Usinianze."

"Haya, mimi mdomo tu. Kula matango."

Tomoe aliijua desturi. Nguo za marehemu haziguswi mpaka roho iage nyumba siku ya arobaini na tisa. Lakini binti yake, Natsuho, aliyekuja kujifungulia kwao, angerudi kwa mumewe karibuni na Nagi mchanga, na bibi gani anamwacha mjukuu wa kwanza aondoke mikono mitupu? Tena kwenda dukani kulihitaji nguvu, na nguvu hakuwa nazo.

Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Kwa miaka tisa alimuuguza Bi Kikuno peke yake, maana mumewe, mwana wa bibi huyo, alitangulia mapema. Bi kizee alikataa kengele. "Mimi si ng'ombe," alisema. Akataka uzi. Basi kila walipolala, uzi wa kijani ulitoka kwenye kifundo cha mkono wake, ukapita chini ya mlango wa kutelezesha, ukaishia kwenye mkono wa kushoto wa Tomoe. Akivuta mara mbili, anataka choo. Mara tatu, maji. Mara moja, mvuto mrefu, hataki kitu, anauliza tu kama mtu yupo. Na Tomoe hujibu, "Nipo, Mama."

Usiku wa mwisho Tomoe alikuwa ameshaamshwa mara saba. Alipotaka kulala tena, aliuvua uzi mkononi, akaufunga kwenye mguu wa meza fupi, fundo la kurudia mara tatu. Saa moja tu, alijiambia. Akalala fofofo mpaka kukapambazuka. Meza ilikuwa imeburutwa hadi mlangoni, na Bi Kikuno alikuwa amekufa, mkono umenyooka kuelekea huko. Kabla daktari hajafika, Tomoe alifungua mafundo na kutia uzi mfukoni. Watu walisema bibi amekufa usingizini, bahati iliyoje. Hakumkanusha hata mmoja.

Sungura alikamilika siku ya arobaini na tatu. Wafumaji wa wanasesere wana tabia yao: vipande vya uzi vinavyobaki husokomezwa tumboni pamoja na pamba, maana nani atafungua kuangalia? Tomoe akauchukua uzi wa kijani, akausukuma ndani kwa kidole. Akafunga vitanzi vya mwisho, akashona macho mawili meusi. Moyo wake ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza. Alidhani amezika jambo.

"Mama, jamani, ana sura ya mtu!" Natsuho alicheka akimlaza sungura kando ya mtoto. "Kama Bibi akinuna."

Mchana ule Tomoe alijinyoosha kidogo. Usingizi ulipoanza kumchukua, kitu kikamvuta mkono wa kushoto, mara tatu. Aliinuka, akajaza maji glasi, akafika nayo mlangoni pa chumba cha marehemu ndipo akakumbuka. Alisimama pale na glasi mkononi, akajicheka. Miaka tisa si mchezo, akasema moyoni.

Kesho yake Natsuho alimwita. "Njoo uone, Mama. Anakusalimia."

Nagi alikuwa amelala usingizi mzito. Mkono wake mdogo wa kushoto uliinuka, ukanyooka, ukashuka. Ukainuka tena, ukashuka. Kisha ukatulia.

Mara mbili.

"Watoto wachanga hushtuka usingizini," alisema Tomoe. Alikwenda chooni, akawasha taa, akangoja pale kama alivyozoea kungoja, akaizima. Aliporudi, mkono wa mtoto ulikuwa umelala kimya.

Basi akawa anatumwa tena. Mkono ukiinuka mara tatu, anapeleka maji mbele ya picha ya marehemu. Mara mbili, anakwenda chooni. Hakulala mchana, hakukaa. Natsuho alimuuliza kwa nini anahangaika hivyo, akajibu kwamba ni mazoea. Magoti yalimuuma. Lililomtisha zaidi ni kwamba mkono wa mtoto uliinuka mara nyingi zaidi kila siku, na kuzunguka kifundo chake palitokea mstari mwekundu, mwembamba.

Siku ya arobaini na sita mkono uliinuka mara moja. Haukushuka. Ulikaa hewani umekazwa, vidole vimekuwa vyeupe, na mtoto bado amelala.

"Nipo, Mama," Tomoe alinong'ona.

Ukashuka.

Alichukua mkasi, akampeleka sungura jikoni, akampasua tumbo. Pamba. Akachambua pamba yote mpaka sinki likajaa. Uzi wa kijani haukuwemo.

Bi Fusae alimkuta hapo, mikono imejaa pamba, akaelezwa habari za mkono wa mtoto. Safari hii hakutania.

"Mpeleke sungura huyu hekaluni, wakamchome na wanasesere wengine wa zamani. Na uniambie ukweli, shoga. Kuna neno hukumwambia marehemu?"

"Sina."

"Miaka tisa, huna hata moja?"

"Nimesema sina."

Angesema nini? Kwamba alimfunga mtu mzima kwenye meza kama mbuzi? Siku ya arobaini na tisa mtawa alisoma maombi, na sungura aliungua hekaluni katika moshi mweusi. Tomoe aliinamisha kichwa, akaomba radhi kimoyomoyo kwa kuchoka kwake. Kuhusu meza hakusema. Tangu siku ile mkono wa Nagi haukuinuka, mstari ukafifia, na mwisho wa mwezi Natsuho alirudi kwake Saitama na kofia ya kijivu na visoksi.

Siku ya tisa baadaye, saa nne asubuhi, simu ililia.

"Mama, hivi ulimfunga Nagi uzi mkononi?"

"Uzi gani?"

"Wa kijani. Nimeingia jikoni dakika tano tu. Natoka, nakuta upande mmoja uko mkononi mwake, wa pili umefungwa mguu wa meza yetu. Fundo mara tatu. Mama, hili fundo ni lako. Nalijua."

Tomoe aliketi sakafuni.

"Analia?"

"Halii. Anavuta, halafu anangoja. Anavuta, anangoja." Natsuho alishusha sauti. "Mama, meza inasogea."

"Mwekee simu sikioni."

"Ni mtoto wa miezi miwili, atasikia n—"

"Mwekee!"

Alisikia pumzi ndogo. Nyuma ya pumzi hiyo alisikia mbao zikikwaruza sakafu.

"Mama," alisema Tomoe, kwa sauti kamili, na binti yake akisikia. "Ni mimi niliyekufunga kwenye meza. Uliniita, nikawa nimelala. Nilichoka, Mama. Hukustahili kufa vile. Mwache mtoto. Nipo."

Mkwaruzo ukakoma. Natsuho akarudi kwenye simu, analia.

"Uzi haupo, Mama. Nilikuwa nimeushika. Haupo. Ulimfanya nini Bibi?"

Tomoe alitaka kujibu. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshainuka wenyewe, umenyooka kuelekea mlango wa kutelezesha wa chumba cha marehemu. Mvuto mmoja, mrefu.

Bi Fusae bado humpelekea matango. Anasema Tomoe siku hizi hukatiza maneno katikati, akageukia chumba kile kitupu na kuitika. Hafumi tena, na uzi wote aliugawa. Hata hivyo, kila asubuhi hukaa bombani akiosha kifundo cha mkono, maana ndani ya mstari mwekundu uliomtokea hapo, kama ule wa Nagi, hunasa manyoyamanyoya ya uzi, ya kijani, mabichi.