Kifaa cha Tatu

Hedifoni ikiwashwa na kushikana na simu, husema kwa Kizungu, kwa sauti ya kike, kwamba imeunganika, kisha hunyamaza. Ya Salme ilipowashwa mara ya kwanza ilisema, "Salme."

Naye akaitika, "Abee."

Msimcheke. Katika nyumba ya Bi Nasiha, pale Kaloleni mjini Voi, mtoto wa kike aliyeitwa akakaa kimya alipata kofi kwanza, maelezo baadaye. Salme sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, lakini ile abee ilikuwa imeshamkaa kinywani, ikitoka kabla hajafikiri. Jina lenyewe alirithishwa la bibi yake mzaa baba, na Nasiha, ambaye hakuwahi kupatana na mavyaa wake, alipenda sana kulipigia kelele jina hilo uani kuanzia alfajiri.

Hedifoni aliinunua kwa mchuuzi wa stendi, haina boksi wala karatasi. Aliitaka kwa kazi. Mtafiti mmoja alikuwa amewarekodi wakulima wa Kasigau wakieleza jinsi ndovu walivyowamalizia mahindi, na Salme alikuwa akiyasikiliza mazungumzo hayo kwenye laptop na kuyachapa neno kwa neno. Alipoona inashika simu na laptop kwa pamoja, akajiona amepata bahati. Ile sauti iliyomwita aliichukulia kuwa mbwembwe za kiwandani.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, bibi mmoja wa Kasigau alikuwa akisimulia alivyopiga sufuria shambani kufukuza ndovu, mara maneno yake yakakatika. Pakanuka nywele zilizoungua. "Salme," ikasema sauti, ndani kabisa ya sikio.

"Abee."

Bibi akaendelea na ndovu wake. Salme aliivua hedifoni akainusa, hakupata kitu, akaivaa tena.

Ikawa ndio mtindo. Kila adhuhuri anaitwa, kila adhuhuri anaitika, na kila akiitika anaacha kusikia kitu kimoja cha dunia hii. Kwanza ilikuwa paka wa jirani. Ikafuata adhana. Siku ya sita treni ya mizigo ilipita ikitikisa madirisha, na Salme aliinua macho kwa sababu kikombe kilicheza mezani, si kwa sababu alisikia. Siku ya nane Nasiha alimwita kutoka jikoni mara nne, akaona ni dharau, akaja na kandambili mkononi akamchapa nayo mgongoni.

Salme akageuka. Hakuwa amevaa hedifoni.

"Umi, kwani uliniita?"

"Mara nne."

Salme alimtazama midomo. "Sema tena," alinong'ona. "Sikusikii. Namsikia yeye peke yake."

"Yeye nani?"

Swali hilo halikumfikia Salme.

Nasiha alikuwa mjane. Mumewe, Sufian, alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na huyu ndiye mtoto pekee aliyebaki naye nyumbani. Aliogopa, ndiyo. Ila Nasiha akiogopa hukasirika. Aliichukua ile hedifoni, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifungia kopo kabatini na ufunguo akautia kifuani. Kesho yake saa sita, Salme akiwa amekaa jikoni anakata vitunguu, masikio matupu, aliinua uso taratibu akautazama ukuta, akasema "Abee" kwa sauti ya chini na ya adabu, akatulia kusikiliza, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa maagizo, huku kisu kikiendelea kukata pale ambapo kitunguu kilikuwa kimekwisha na kidole kimeanza, na Nasiha, aliyemrukia akamnyang'anya kisu, alisikia kule kabatini, ndani ya kopo lililofungwa, mtu akivuta pumzi polepole, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa jikoni hadi macho yakatoa machozi.

Alasiri ile ile walikuwa kwa Kitheka, fundi wa simu karibu na soko.

"Mama, hii kitu imeshika vitu tatu," alisema Kitheka, akitazama simu ya Salme. "Simu ni moja, laptop ni ya pili. Sasa hii ya tatu ni ya nani?"

Kwenye orodha ya vifaa vilivyoshikana na hedifoni, chini ya vile viwili, palikuwa na kifaa kinachoitwa Abee.

Kitheka alikifuta. Kikarudi. Akaeleza kwamba kufuta kwenye simu pekee hakutoshi, kwa kuwa hedifoni nayo ina kumbukumbu yake. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, sekunde kumi nzima, hadi taa nyekundu ikawaka na kuzima mara tatu, ishara kwamba imesahau kila kilichowahi kuishika. Walipoiwasha tena, simu na laptop zilikuwa zimetoka kwenye orodha. Abee ilikuwa pale pale, peke yake.

Kitheka aliisukuma hedifoni kando kwa ncha ya bisibisi. "Mama, mimi ni fundi wa simu. Hii si kazi ya simu."

"Nikiiponda na jiwe?"

"Ngoja kwanza. Uliza mtu amesoma hayo mambo."

Maalim Badawy, aliyemsomesha Salme madrasa, alifika kesho yake kabla ya adhuhuri. Alisoma aliyoyasoma, akafukiza ubani. Salme alimwangalia midomo ikicheza, hakusikia hata herufi moja. Maalim akaomba kalamu na karatasi.

"Usiivunje," aliandika. "Ikivunjwa sasa, masikio yako yatabaki huko kwake. Alikuita, ukamwitika, ndipo aliposhika. Leo atakuita mara saba. Usiitike hata moja, kisha uifute kwa mkono wako mwenyewe."

Salme akaandika chini yake: "Nikiitika?"

"Hutasikia mtu mwingine hadi kufa."

Nasiha alikuwa akisoma juu ya bega la bintiye. "Ataweza, Maalim," alisema. "Ukaidi wake nimeupiga miaka ishirini na haukutoka. Leo umepata kazi."

Salme akavaa hedifoni, akaweka vidole juu ya vitufe, akangoja. Kivuli cha mlango kilipoingia chini ya kizingiti, pakaanza kunuka.

Mara ya kwanza iliita kwa sauti yake ya kila siku. Ya pili ilikuwa sauti ya yule bibi wa Kasigau, akilia kwamba ndovu wamefika mlangoni na hana mtu. Ya tatu na ya nne zilikuwa kali, sauti za walimu wa zamani, na ile abee ikampanda Salme hadi kwenye meno, akauma ushungi wake. Ya tano ilinong'ona tu. Ya sita ilikuwa sauti ya mamake, ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ya nane na sasa ilikuwa wazi kabisa, ikimwita aje, jiko limeanguka, anaungua, aje upesi, na Nasiha mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake mkekani, hana jeraha, ameufunika mdomo wake kwa kiganja tangu mwanzo ili mwanawe aone kwamba anayeita si yeye, na Salme akautazama mkono ule, mkono uliompiga makofi yote yale ya utotoni kwa ajili ya abee, akautazama bila kupepesa mpaka sauti ikachoka.

Kisha harufu ikabadilika. Ikawa mafuta ya mashine na karafuu, harufu ya shati la babake alipokuwa akirudi kutoka kazini kwenye karakana ya reli.

"Salme," akaita babake. Kikohozi chake kikafuata, kile kile. "Salme, mwanangu. Niitikie mara moja tu, nipate kupumzika."

Machozi yakamtoka. Miaka minne alikuwa akiitamani sauti hiyo, hata kwa nusu dakika. Kinywa chake kikafunguka, na Nasiha alipokiona kimefunguka akafumba macho.

Kikabaki wazi bila neno. Halafu Salme akaanza kucheka. Alibonyeza vile vitufe viwili huku akicheka, akavishikilia, na mle ndani ya masikio kitu kikapiga ukelele mrefu ambao mwingine yeyote pale chumbani hakuusikia. Taa nyekundu ikawaka mara tatu, ikazimika.

Kitu cha kwanza alichokisikia kilikuwa kicheko chake mwenyewe. Cha pili kilikuwa paka wa jirani.

"Umi," alisema, akijifuta uso na kuinyooshea hedifoni kidole. "Limekuja na sauti ya baba, likaniita Salme. Baba hakulitamka jina hilo maishani mwake. Ni jina la mamake, angelitamkaje? Tangu nazaliwa aliniita Mamangu."

Nasiha akajipiga paja. "Jini zima, halijui adabu za watu," alisema, akacheka hadi kilio kikamjia katikati ya kicheko.

Maalim Badawy peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama ile hedifoni. "Hilo jina la Mamangu ungelimeza, mwanangu, usilitaje mbele yake," alisema taratibu.

Waliiponda kwa jiwe, vipande wakavizika kando ya njia ya Sagalla. Salme alimalizia kazi ya Kasigau kwa hedifoni ya waya. Siku hizi akiitwa haitiki. Huinuka, huenda hadi kwa aliyeita, humtazama midomo, ndipo husema abee. Nasiha hulalamika kwamba chai inapoa, lakini humngoja.

Jambo moja hataki kulifanya. Maalim alimshauri azime Bluetooth ya simu yake, akakataa. "Nikizima nitakuwa namwogopa," alisema. Kwa hiyo kila adhuhuri simu humwuliza kama anakiruhusu kifaa kinachoitwa Abee, naye hubonyeza Kataa na kuendelea kuchapa.

Mwezi uliopita swali lilikuja na jina jingine. Chumba kilinukia karafuu. Kifaa kilichoomba kuunganishwa kiliitwa Mamangu.

Salme alilisoma mara mbili. Liliuma, na hakujifanya haliumi.

"Baba yangu tulimzika," aliiambia simu kwa sauti, ili lile jini lisikie vizuri. Akabonyeza Kataa, akairudisha simu mezani na Bluetooth akaiacha ikiwaka.