Maji Kwenye Mafuta ya Breki

Siku za likizo, kazi ya kwanza ya Kasuku ilikuwa kufagia uwanja. Shuleni alikuwa na jina lake jingine, lakini nyumbani walimwita Kasuku, maana tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Asubuhi hiyo alifagia haraka haraka. Gari lilikuwa linalia kila breki ilipokanyagwa, na mama alikuwa amesema wangelitengeneza wenyewe.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya baba. Yeye alilala chini juu ya gunia, na mama alikaa kwenye kiti cha dereva kukanyaga pedali. Tangu baba afariki, mama ndiye aliyelala juu ya gunia lile lile, na Kasuku akapanda kitini.

Mama aliweka mawe kwenye magurudumu, akapiga jeki, kisha akasimamisha stendi za chuma chini ya gari. "Jeki ni ya kuinulia tu," alisema. "Ukiiamini ikushikie gari, itakulalia." Akafungua gurudumu na kuchomoa pedi za breki za zamani. Zilikuwa zimelika, nyembamba kama kucha. Akapachika mpya.

Magurudumu yote yalipopata pedi, ikaja kazi ya kutoa upepo ulionaswa kwenye mabomba ya breki.

"Kanyaga!" mama aliita kutoka chini.

"Nimekanyaga!"

"Shikilia! Usiachie hata nzi akikutulia puani!"

Mama alilegeza nati ndogo kwa spana ya baba. Mafuta machafu yenye mapovu yakapita kwenye mpira mwembamba na kuingia kwenye chupa tupu. Akaikaza nati. "Haya, achia!"

Walikuwa wamebakiza gurudumu moja bibi alipoita kutoka ndani. Bibi alikuwa mama mzazi wa baba, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Naja, mama!" mama alijibu. Akamgeukia Kasuku. "Ongeza mafuta kwenye kikopo cha breki, pale chini ya boneti, mpaka kwenye mstari, ufunge papo hapo. Mafuta ya breki na maji ni maadui. Hata tone lisiingie."

Kasuku alishuka akashika chupa ya mafuta mapya. Mara Njiti, rafiki yake mwembamba, akachungulia getini.

"Kasuku! Tunakungoja wewe tu, kamba tumeshafunga! Au umeajiriwa gereji?"

Kasuku aligeuka amjibu. Chupa ikamponyoka, ikalala chini, mafuta yakanywewa na vumbi. Aliyookoa hayakufika hata nusu ya kikopo.

Pembeni palikuwa na birika la maji ya kunawia. Alitazama mlango, akatazama birika. Akamimina maji kidogo kidogo mpaka yakafika kwenye mstari, akafunga kifuniko, na kufukia doa la chini kwa ufagio.

Mama alirudi, akaangalia kikopo na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Walimaliza gurudumu la mwisho. Mama akakanyaga pedali mwenyewe.

"Ngumu kama jiwe!" alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu msiba. Alifuta spana ndogo ya baba kwa kitambaa, akaiweka mkononi mwa Kasuku. "Angekuwepo, angekupa mwenyewe. Chukua, fundi wangu."

Kasuku alikwenda kuruka kamba, lakini kila aliporuka, spana ilimgonga pajani. Njiti alimuuliza kama amekula gundi, maana hasemi. Aliaga akarudi nyumbani.

Wakati wa chakula, bibi alipapasa bakuli lake. "Mbona nyumba kimya? Kasuku wetu ameruka kwenda wapi?"

"Nipo, bibi."

"Kesho nakwenda kwa daktari wa macho. Nikirudi nitakuona ulivyokua. Mkwe wangu, kule njiani kwenye ule mteremko wa machimbo, breki zitashika?"

"Zitashika, mama. Tumezitengeneza na mjukuu wako."

Kasuku alirudisha tonge kwenye bakuli. "Mama, hivi... maji yakiingia kwenye mafuta ya breki, inakuwaje?"

"Hapa uwanjani hutajua kitu," mama alijibu huku akiondoa vyombo. "Lakini kwenye mteremko mrefu breki hupata moto. Maji yatachemka yawe mvuke. Utakanyaga pedali izame mpaka chini, na gari liende tu. Ndiyo maana nilikukataza."

Hapo ndipo pa kusema. Kasuku alifungua mdomo, akauona uso wa mama ukiwa bado na furaha ya mchana, akafunga mdomo.

Asubuhi bibi alikuwa ameshakaa kwenye gari, amejifunga kilemba chake kizuri. Mama aliwasha injini. Gari lilianza kusogea kuelekea getini.

Kasuku alikimbia akasimama mbele yake, mikono juu.

"Simama! Mama, simama! Nilitia maji!"

Mama alizima injini. "Maji gani?"

"Kwenye kikopo. Mafuta yalimwagika, nikaogopa, nikajazia maji ya birika." Alitoa spana mfukoni, akaiweka juu ya boneti. "Hii si yangu."

Mama hakupiga kelele. Alikaa ameshika usukani, akimtazama bibi, kisha mwanawe. Macho hayo yalimuuma Kasuku kuliko kiboko.

Bibi alifungua mlango taratibu. "Nishusheni. Bora niwe na ukungu machoni nikiwa hai, kuliko kuona vizuri nikiwa bondeni."

Kasuku aliangua kilio. Bibi alimvuta kifuani, lakini hakumwambia kwamba si kitu.

Siku hiyo daktari hakuonwa. Mama na Kasuku walikwenda kwa miguu hadi duka la vipuri, wakarudi na mafuta mapya. Walisafisha kikopo, wakatoa mafuta yote, gurudumu baada ya gurudumu, mpaka yaliyotoka yakawa maangavu. Jua lilichoma. Njiti alipita getini, na Kasuku hakugeuza shingo.

Walipomaliza, mama aliendesha polepole uwanjani, akikanyaga na kuachia. Kisha akatundika spana kwenye msumari wa baba.

"Itakaa hapa," alisema. "Siku utakayostahili tutaijua sote wawili." Akaketi ngazini, Kasuku akiwa ubavuni pake. "Mwanangu, mafuta yakimwagika ni bahati mbaya. Hata baba yako aliyamwaga, akaapiza mpaka kuku wakakimbia. Lakini alisema, siku ile ile. Pedi zikiisha hulia, tukazisikia. Kosa lililofichwa halilii. Basi wewe uliye na mdomo, lililie wewe, kabla gari halijatoka getini."

"Ndiyo, mama."

Ndani, bibi alikuwa akiuliza kwa sauti daktari atapatikana lini tena. Kasuku aliinuka akaenda kumjibu.